Mgombea Apimwe kwa Majibu Yake

Katika nchi nyingi za dunia imekuwa desturi kwamba, kabla ya wananchi kupiga kura ya kumchagua Rais, wagombea husimama mbele ya kamera za televisheni, wakaulizwa maswali na wakajibizana. Desturi hii ina manufaa yake na ina hatari zake. Manufaa yake ni kwamba mtu anayeomba kukabidhiwa nchi hulazimika kusema mbele ya mpinzani wake, bila ya mwandishi wa hotuba kando yake na bila ya umati wa kumshangilia. Hatari yake ni kwamba mtazamaji aweza kukaa saa moja na nusu nzima, akacheka na kusisimka, kisha akaenda kulala akiamini kwamba amempima mgombea, kumbe alichopima ni tai, sauti na tabasamu.

Jambo hili si dogo. Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Ndiye anayeteua mawaziri, na saini yake ndiyo inayoufanya muswada uwe sheria. Kosa la kumchagua mtu asiyefaa halisahihishwi kesho yake asubuhi. Wananchi hukaa nalo kwa miaka kadhaa, na matokeo yake huweza kurithiwa na wajukuu. Kwa hiyo namna ya kuutazama mdahalo, na namna ya kuutolea hukumu, ni mambo yanayostahili kufikiriwa kwa makini kabla taa za studio hazijawashwa.

Chanzo cha desturi yenyewe kina mafunzo mengi. Tarehe 26 Septemba 1960, katika studio moja mjini Chicago, Seneta John Kennedy na Makamu wa Rais wa Marekani, Richard Nixon, walikutana katika mdahalo wa kwanza kati ya minne iliyoonyeshwa na televisheni mwaka huo. Watu zaidi ya milioni 60 waliutazama. Mwezi ule ule Nixon alikuwa ametoka hospitali alikolazwa kwa maradhi ya goti. Alikuwa amekonda, suti yake ya kijivu ilikaribiana rangi na ukuta uliokuwa nyuma yake, na jasho lilionekana usoni mwake. Kennedy alivaa suti ya rangi iliyoiva, alionekana mwenye afya njema, naye alizungumza akiielekea kamera.

Tangu siku hiyo hadi leo, kila anayesimulia habari za mdahalo ule huanza na jasho la Nixon. Ni wachache mno wanaokumbuka kwamba mada ya usiku ule ilikuwa mambo ya ndani ya Marekani, na kwamba miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa lilikuwemo suala la mishahara ya walimu: je, serikali kuu isaidie kuilipa, au msaada wa namna hiyo utaipa serikali kuu mamlaka juu ya yale yanayofundishwa darasani? Hilo lilikuwa swali la maana, lenye hoja nzito kila upande, na maisha ya watu wengi yalilitegemea. Lakini jasho limedumu katika kumbukumbu za watu na mishahara ya walimu imesahauliwa. Hapo ndipo ilipo kasoro kubwa ya hukumu zinazotolewa juu ya midahalo.

Hata hadithi inayosimuliwa sana juu ya siku ile, kwamba waliosikiliza kwa redio walimpa Nixon ushindi na waliotazama televisheni wakampa Kennedy, haina msingi imara kama inavyodhaniwa. Inategemea zaidi upimaji mmoja wa maoni uliowahoji wasikilizaji wa redio wachache sana, na haijulikani kama watu hao hawakuwa na mwelekeo wa kumpenda Nixon tangu hapo awali. Kennedy alishinda uchaguzi kwa tofauti isiyofikia kura 120,000 katika kura zaidi ya milioni 68. Tofauti ikiwa ndogo kiasi hicho, kila mtu aweza kuokota sababu aipendayo na kuiita ndiyo sababu. Msomi anayefundisha wengine hana budi kuwa mwangalifu na hadithi tamu za aina hii.

Hatari ya pili huja baada ya mdahalo kwisha. Tarehe 6 Oktoba 1976, mjini San Francisco, Rais Gerald Ford alisema katika mdahalo wake na Jimmy Carter kwamba nchi za Ulaya ya Mashariki hazikuwa chini ya utawala wa Urusi ya Kisovieti. Mwandishi aliyemwuliza swali alishangaa, akampa nafasi ya kujisahihisha, naye akashikilia msimamo wake. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba watu waliohojiwa mara tu baada ya mdahalo hawakuona kama Ford ameshindwa; wengi walidhani amefanya vizuri kuliko mwenziwe. Lakini baada ya magazeti na televisheni kuirudia kauli ile usiku na mchana, watu waliohojiwa siku iliyofuata walisema kwa wingi kwamba Carter ndiye aliyeshinda. Mdahalo ulikuwa ule ule, na maneno yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni kwamba wananchi walikuwa wamekwisha kuambiwa la kufikiri.

Ni kweli kwamba safari hiyo waandishi walikuwa na haki, kwa kuwa kauli ya Ford haikulingana na hali halisi ya Poland wala Hungary ya wakati ule. Wajibu wa mwandishi ni kumsaidia msomaji kuona lililompita. Hata hivyo, nguvu iliyoweza kuigeuza hukumu ya taifa kwa siku moja kwa ajili ya kweli yaweza kuigeuza vile vile kwa ajili ya uongo. Siku hizi nguvu hiyo imeongezeka mara nyingi. Kabla mgombea hajashuka jukwaani, wasemaji wa kila chama wamekwisha kujipanga mbele ya vipaza sauti kutangaza kwamba mtu wao ameshinda, na vipande vya sekunde 20 vimekwisha kusambazwa katika simu za mkononi, kila kipande kikiwa kimekatwa mahali panapomfaa aliyekikata. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Mwananchi anayengoja kuambiwa nani kashinda amekwisha kuitoa kura yake mikononi mwake.

Je, hii ina maana kwamba sura ya mgombea na namna ya kusema kwake ni mambo ya kupuuzwa kabisa? La. Tarehe 21 Oktoba 1984, mjini Kansas City, Rais Ronald Reagan, aliyekuwa na umri wa miaka 73, aliulizwa kama angeweza kufanya kazi kwa siku nyingi na usingizi mchache iwapo nchi ingeingia katika hatari kubwa. Swali hilo lilikuwa la haki, hasa kwa vile katika mdahalo uliotangulia alikuwa ameonekana kuchoka. Reagan alijibu kwa mzaha kwamba asingeutumia ujana na uchache wa uzoefu wa mpinzani wake kwa faida ya kisiasa. Watu wakacheka, na mpinzani wake Walter Mondale, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 56, akacheka pia. Mzaha ulikuwa mzuri, lakini haukuwa jibu. Reagan alishinda katika majimbo 49 kati ya 50, na swali lenyewe likabaki limelala pale pale jukwaani.

Miaka 40 baadaye swali lile lile liliamka. Tarehe 27 Juni 2024, mjini Atlanta, Rais Joe Biden, mwenye umri wa miaka 81, alikutana na Donald Trump, mwenye miaka 78, katika studio isiyokuwa na watazamaji. Sauti ya Biden ilikuwa imekauka, na mara kadhaa alipoteza mwelekeo wa sentensi kabla hajaimaliza. Tarehe 21 Julai alijitoa katika kinyang'anyiro. Usiku huo walichokiona watazamaji kilihusu kazi yenyewe ya urais, na kwa hiyo ilikuwa halali kukipima. Lakini usiku huo huo Trump alitoa madai mengi yasiyo ya kweli, na waendesha mdahalo hawakuyasahihisha papo hapo. Kwa kuwa macho ya wote yalikuwa kwa mzee aliyekuwa akitafuta maneno, wachache waliyatilia maanani maneno ya yule aliyeyapata kwa urahisi. Udhaifu wa mmoja haugeuki kuwa ukweli wa mwenziwe. Mwamuzi mwema huwapa wagombea wawili alama mbili, kila mmoja kwa aliyoyasema.

Kwa hiyo ipo njia ya kutenganisha sura inayofaa kupimwa na sura isiyofaa. Mtazamaji na ajiulize: hili ninaloliona linahusiana na kazi atakayoifanya mtu huyu? Jasho la Nixon halikuhusiana. Mwaka 1992 Rais George Bush alionekana akitazama saa yake mjini Richmond wakati mwananchi alipokuwa akiuliza swali juu ya hali ngumu ya uchumi, na mambo mengi yakasemwa juu ya saa ile. Lililostahili kupimwa zaidi lilikuwa jibu lake kwa mwananchi yule. Lakini mgombea anayeshindwa kuifuata hoja hadi mwisho, au anayeshikwa na hasira kila anapoguswa, huwa ameonyesha jambo ambalo Baraza la Mawaziri litalikuta mezani siku ya kwanza.

Yafaa pia ikumbukwe kwamba kushinda mdahalo na kushinda uchaguzi ni mambo mawili mbalimbali. Tarehe 10 Septemba 2024, mjini Philadelphia, Kamala Harris alikutana na Trump, na wengi wa watazamaji waliohojiwa walisema Harris ndiye aliyefanya vizuri zaidi. Tarehe 5 Novemba Trump alichaguliwa kuwa Rais. Mpiga kura ana mizani nyingi, na bei za vyakula sokoni ni mojawapo. Anayedhani kwamba dakika 90 za maneno zitafuta miaka minne ya maisha hajawaelewa wananchi.

Somo hilo halikuishia Marekani. Nchi jirani ya Kenya ilifanya mdahalo wake wa kwanza wa wagombea urais tarehe 11 Februari 2013, jijini Nairobi, nao wagombea wote wanane walisimama jukwaa moja. Mohamed Abduba Dida, mwalimu kwa kazi yake, aliwafurahisha watazamaji kwa ucheshi na mifano yake, na Peter Kenneth alisifiwa kwa utulivu na mpangilio wa hoja zake. Kura zilipohesabiwa, hakuna kati yao aliyefikia asilimia moja. Wako watakaosema kwamba hii yaonyesha mdahalo hauna kazi. Lakini wananchi wa Kenya waliwasikia kwa mara ya kwanza watu wanane wakiulizwa maswali yale yale, kwa dakika zile zile, na hilo peke yake lilikuwa somo katika usawa.

Kenya imetoa funzo jingine, nalo ni la kiti kitupu. Tarehe 24 Julai 2017 Rais Uhuru Kenyatta hakufika katika mdahalo, na Raila Odinga akajibu maswali peke yake. Tarehe 26 Julai 2022 mambo yaligeuka: Raila Odinga hakufika, na William Ruto akasimama peke yake. Kila asiyefika alikuwa na sababu zake, na kila aliyefika alimlaumu mwenziwe. Mwananchi hana haja ya kuingia katika lawama hizo. Yamtosha kuelewa kwamba mdahalo wa mtu mmoja ni mahojiano tu, na kwamba mgombea aliyekosekana ameacha karatasi yake ya majibu ikiwa tupu. Karatasi tupu haipati alama za kupasi, wala haimwongezei alama yule aliyeandika.

Hapa Tanzania, katika uchaguzi wa mwaka 1995, wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe mwaka 1992, wagombea wanne wa urais, yaani Benjamin Mkapa, Augustino Mrema, Ibrahim Lipumba na John Cheyo, walikaa pamoja na kujibu maswali mbele ya wananchi. Mgombea wa Chama Cha Mapinduzi alikwenda, akajieleza, na Chama hakikupungukiwa na kitu; Mkapa alishinda kwa zaidi ya asilimia 61 ya kura. Baada ya hapo mdahalo wa wagombea wote wakuu haukujengeka kuwa desturi. Sababu zinazotolewa zinafahamika: kwamba nchi ni kubwa, kwamba mikutano ya hadhara huwafikia wananchi wengi walio vijijini, na kwamba mgombea hukutana na watu uso kwa uso. Sababu hizo zina uzito. Mkutano wa hadhara humlazimisha mgombea kufika kwenye barabara mbovu na kuiona kwa macho yake, jambo ambalo studio haiwezi kulifanya.

Lakini katika mkutano wa hadhara mgombea ndiye mwenye kipaza sauti, na waliohudhuria wengi wao wamekwenda kumshangilia. Hapana wa kumwambia kwamba takwimu aliyoitaja ni ya mwaka mwingine. Mdahalo hukamilisha kile ambacho mkutano hauwezi kukitimiza. Aidha, chama kinachoongoza ndicho chenye mengi zaidi ya kueleza, kwa kuwa ndicho kilichofanya kazi. Chama chenye kazi ya kuonyesha hakina sababu ya kuogopa swali. Na pale palipo na upungufu, ni heri ukaelezwa na mgombea mwenyewe kuliko ukaelezwa na mpinzani wake akiwa peke yake.

Linalobaki ni namna ya kupima, na hapa walimu wana jambo la kulifundisha taifa. Mwalimu anayesahihisha mitihani hatumii macho matupu. Mwongozo wa usahihishaji huandaliwa kabla ya karatasi kufunguliwa, na katika mitihani ya taifa karatasi huwa na namba, jina la mtahiniwa lisionekane. Mtahiniwa mwenye mwandiko mzuri aliyeandika jambo ambalo hakuulizwa hapati kitu. Kama kanuni hizo zinamfaa mtoto wa darasa la saba, haziwezi kuwa kali mno kwa mtu anayetaka kuingia Ikulu.

Mwongozo wa mpiga kura waweza kuwa na maswali manne. La kwanza: je, mgombea alijibu swali aliloulizwa, au alijibu swali alilolitamani? La pili: je, alilolisema ni kweli, na takwimu aliyoitaja ni ya mwaka gani na ya nani? La tatu: je, alisema fedha zitatoka wapi, nani atatekeleza, na kitu gani kitaachwa ili hicho kifanyike? La nne: je, aliwahi kukiri kwamba jambo fulani ni gumu? Mgombea ambaye kwake kila kitu ni rahisi aidha haijui kazi anayoiomba, au anaijua na anawaficha wananchi. Majibu ya maswali hayo na yaandikwe kwenye karatasi, kwa kila mgombea, kabla ya kumsikiliza mchambuzi yeyote. Baada ya hapo uchambuzi wa wengine utakuwa msaada. Kabla ya hapo ni kishawishi.

Watumishi wa Serikali nao wanalo la kuchangia. Mtumishi hatakiwi kukipigia kampeni chama chochote akiwa kazini, na sheria hiyo ni nzuri. Lakini yeye ndiye ajuaye, kuliko watu wengine wengi, tofauti iliyopo kati ya ahadi na utekelezaji. Anajua kwamba shule haijengwi kwa sentensi moja, kwamba kuna bajeti, zabuni, usafiri wa saruji na ikama ya walimu. Anajua pia kwamba sehemu kubwa ya kazi ya Rais haionekani katika televisheni hata kidogo: kusoma mafaili usiku, kuwasikiliza washauri wasiokubaliana, na kusema hapana kwa rafiki. Mdahalo haupimi mambo hayo ila kwa mbali sana. Ndugu na jirani wanapomwuliza, mtumishi anaweza kuwaeleza kazi hiyo ilivyo bila ya kumtaja mgombea hata mmoja, naye atakuwa amefanya kazi ya elimu ya uraia.

Waandaaji wa midahalo nao wasisahauliwe. Katika mdahalo wa mwaka 1960 kila mgombea alipewa dakika 8 za kufungulia. Mjini Atlanta mwaka 2024 jibu lilikuwa la dakika 2. Katika dakika 2 mtu aweza kutoa ahadi, lakini ni vigumu kuifafanua. Anayetaka majibu ya maana na atoe muda wa maana, aulize maswali machache, na awe na mtu wa kuhakiki takwimu papo hapo. Tena mdahalo wa Watanzania na uendeshwe kwa Kiswahili safi na urushwe kwa redio pia, ili mkulima aliyeko mbali na televisheni asikie hoja zile zile, naye akiwa amenusurika na kishawishi cha tai na tabasamu.

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hawakusema kwamba kila mkakasi mzuri ni mtupu. Walichofundisha ni kwamba hapana budi kuufunua. Mdahalo ni nafasi moja ya kufunua, na wananchi wakiitumia kwa mwongozo walioutayarisha wenyewe, watapata faida yake. Wakiitumia kama watazamaji wa mchezo wa mpira, watapata burudani ya usiku mmoja, kisha wataamka na Rais ambaye hawakumpima.